Maji yakijaa, ndege hupumzika. Sisi je?

Haipiti wiki bila kuja kliniki kwangu mtu wa makamo, mwenye kazi nzuri, akilalamika kwamba hapati usingizi, kichwa kinamgonga na moyo unamwenda mbio. Nikimpima, nakuta presha imepanda. Nikimwuliza alipumzika lini mara ya mwisho, hucheka. "Daktari, nitapumzika kazi ikiisha."

Jibu hilo nalifahamu vyema kwa sababu nami niliwahi kulitoa. Aliyenisahihisha hakuwa profesa. Nilisahihishwa na kisiwa kidogo cha Uingereza, pamoja na ndege wanaokaa huko wakati wa baridi.

Ilikuwa mwisho wa mwaka wa 2010. Nilikuwa Liverpool nikiendelea na masomo. Mchana nilikuwa darasani, na usiku nikiwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunza ili nipate pesa za kutuma nyumbani. Desemba hiyo ilikuwa na baridi kali kuliko Desemba yoyote iliyoonekana Uingereza kwa muda wa miaka mia moja. Jua lilichomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Nilitoka kazini gizani, nikarudi kazini gizani. Siku moja tulipokuwa tukipimana presha na mwanafunzi mwenzangu, yangu ilisoma 164 juu ya 102. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini tu.

Mwenye nyumba niliyopanga, mzee aliyestaafu kazi ya bandarini, aliniona nilivyokonda. Akanialika twende kutazama ndege siku yangu ya mapumziko. Nilikubali kwa heshima tu, huku nikiwa nimetia daftari za mtihani mfukoni.

Tulipanda treni hadi West Kirby, mji mdogo ulio kwenye mlango wa mto Dee, karibu na mpaka wa England na Wales. Bahari ilikuwa imekupwa. Mbele yetu palikuwa na mchanga na tope, na ng'ambo yake visiwa vitatu vya mwamba mwekundu: Little Eye, Middle Eye na Hilbre. Hilbre ndicho kikubwa, nacho hakifiki hekta tano.

Kwenda Hilbre huhitaji mashua. Unachohitaji ni jedwali la maji, na miguu ya kwenda kilomita tatu hivi. Hukati moja kwa moja, maana kuna tope na mikondo. Unaelekea Little Eye kwanza, kisha ndipo unageukia Hilbre. Wakati wa bamvua maji ya huko hupanda karibu mita tisa, zaidi ya mara mbili ya yale ya Mombasa. Ni lazima uondoke ufukweni angalau muda wa saa tatu kabla ya maji kujaa. Ukitaka kuyaona yakijaa ukiwa kisiwani, basi utabaki huko hadi saa tatu nyingine zipite baada ya kujaa. Hakuna duka wala maji ya kunywa. Mwenye haraka akijaribu kuvuka maji yanapoingia, huzingirwa. Wahenga hawakukosea waliposema kawia ufike.

Tuliondoka saa tatu asubuhi. Kufikia saa tano hapakuwa tena na njia ya kurudi. Nilitoa daftari zangu nisome, lakini vidole vilikufa ganzi nikazirudisha mfukoni. Sikuwa na la kufanya ila kutazama.

Kadiri maji yalivyopanda, ndege walisukumwa kutoka kwenye tope walikokuwa wakila. Makundi ya vitwitwi yaliruka pamoja kama moshi, yakigeuka mara meupe mara ya kijivu. Sululu walipita wakilia, kila mmoja na mdomo wake mrefu uliopinda. Kulikuwa na bata bukini weusi waitwao Brent, waliotoka kaskazini ya mbali ya Kanada. Mzee alinieleza kwamba wengi wa wageni hao huzaliana katika nchi za barafu. Baridi iliyonitesa mimi ndiyo nafuu waliyoisafiria maelfu ya kilomita.

Kisha maji yakajaa, na ndege wakatulia. Walisimama kwenye miamba mamia kwa mamia, wengi kwa mguu mmoja, mdomo umefichwa katika manyoya ya mgongo. Daktari yeyote angevutiwa na mwili huo. Katika mguu wa ndege, damu moto inayoshuka hupita karibu na damu baridi inayopanda na kuipasha, hivyo joto kidogo tu hupotea. Manyoya nayo hushika hewa kama blanketi.

Hawakuwa wavivu. Chakula chao kilikuwa chini ya maji, na kila tone la mafuta mwilini lilikuwa akiba ya kuwavusha usiku wa baridi. Ndege anayeshtuliwa hapo na mbwa au mtu huruka bure na kuichoma akiba hiyo. Akishtuliwa mara nyingi, huenda asiione asubuhi. Ndiyo sababu kuna watu wa kujitolea wanaosimama katika fuo hizo maji yanapojaa, wakiwaomba wapita njia wasiwakaribie ndege.

Neno hilo lilinichoma. Ndege walikuwa na walinzi wa mapumziko yao, nami sikuwa hata nimejilinda mwenyewe.

Sisemi ndege waliniponya presha. Nilikwenda kwa daktari, nikapunguza zamu mbili za usiku, nikawa naenda Hilbre kila jedwali la maji liliporuhusu. Kufikia Machi presha ilikuwa 138 juu ya 88. Pesa nilizotuma nyumbani zilipungua, na mama alilalamika. Lakini alibaki na mwana.

Maoni yangu ni haya. Mapumziko si makombo yanayobaki baada ya kazi. Ni sehemu ya kazi ya mwili, kama kula. Sisi watu wa mjini hatukosi tu wakati wa kupumzika, bali pia tumekosa kitu cha kutuzuia. Nairobi haina maji yanayojaa kutufungia njia. Basi kila mtu na ajiwekee bamvua lake: saa fulani za wiki ambazo hata akiitwa hawezi kuvuka. Na waajiri, zikiwemo hospitali zetu, wawe walinzi wa saa hizo, wasiwe ndio mbwa wa ufukweni.

Kuna watakaosema hii ni starehe ya Wazungu wenye nafasi. Mzee wangu alibeba mizigo bandarini maisha yake yote. Darubini yake ilikuwa kuukuu, na chakula chetu kilikuwa mkate na chai ya chupa.

Tahadhari ni muhimu. Baridi hubana mishipa na kupandisha presha, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo asitembee mchangani dhidi ya upepo bila kushauriana na daktari wake. Vaa nguo kadhaa nyepesi moja juu ya nyingine, na ukilowa badilisha. Usidanganywe kwamba pombe huleta joto. Hufungua mishipa ya ngozi na joto likatoka. Aidha, mwenye huzuni isiyoisha asitegemee matembezi pekee. Aende akatibiwe.

Nawe msomaji usiyetarajia kufika Hilbre, nenda Mida, karibu na Watamu, kati ya Oktoba na Machi. Utawakuta vitwitwi na sululu waliokimbia baridi ya kaskazini. Waulize wavuvi maji yatajaa saa ngapi, kisha kaa chini, mbali kidogo, uwaache wapumzike. Maji yakijaa hupwa, na kazi utaikuta palepale ulipoiacha.