Nati Kuingia Si Kushika

Eti kutambua kalipa za breki za mbele za Triumph TR6 ni kazi nyepesi: soma mwaka kwenye kadi ya gari, agiza, nati ya paipu ikiingia basi umepatia. Mwaka! TR6 ya mwisho ilitoka kiwandani 1976. Tangu hapo kalipa huenda zimebadilishwa, kadi ni ileile.

Hilo la nati ndilo balaa. Kalipa ya Girling 16P ina hesi za inchi, 3/8. 16PB iliyofuata ina za milimita, M10. Nati ya inchi, unene milimita 9.5, huzama bila ubishi kwenye tundu la 10, ikishika kwa ncha tu. Kanyaga breki kwa nguvu, uone oili inavyoruka.

Kupima pistoni? Zote takriban milimita 54, usijisumbue. Pima hesi kwa geji, kushoto na kulia: fundi aliyetangulia huenda alibadilisha upande mmoja.