Mgonjwa wa Moyo Naye Apelekwe Ziwani

Ndugu wasomaji, wanafunzi wenzangu nanyi wakubwa wetu mliokwisha kuondoka shuleni, nataka kusema juu ya moyo wangu. Si moyo wa mapenzi, bali hiki kipande cha nyama kipigacho kifuani. Asiyependa habari za ugonjwa na afunue ukurasa mwingine, sitakasirika.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja niliumwa koo. Nikapewa maji ya moto na limau, koo likapona, tukasahau. Baada ya majuma kama matatu goti likavimba, kisha la pili, kisha kifundo cha mguu, maumivu yakihama kiungo hadi kiungo kama mgeni asiyepata pa kulala. Nyumbani kwetu Buyenzi walisema ni mpira ndio ulioniumiza. Daktari aliponisikiliza kifua, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, alisema ni homa ya baridi yabisi, na ya kuwa mlango mmoja wa moyo wangu haufungi sawasawa, hata damu hurudi nyuma.

Ugonjwa huu si mgeni katika Afrika. Chanzo chake ni vijidudu vya koo, na hushika zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Mwezi wa Mei 2018 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio juu yake huko Geneva, lakini mitaani kwetu koo la mtoto bado ni jambo la limau tu. Dawa yangu ni sindano ya penisilini kila baada ya majuma manne, kwa miaka mingi. Haitengenezi mlango ulioharibika. Kazi yake ni kuzuia homa isirudi, maana kila irudipo huweza kuuharibu zaidi. Ni sindano nzito. Siku hiyo mimi huketi upande mmoja.

Sasa nije kwenye maoni yangu. Baba na Mama waliogopa, wala siwalaumu. Lakini hofu yao ilikwenda kukaa mahali pasipo pake. Zamani Jumapili tulikuwa tukienda Saga Plage, Mama na kikapu chake cha chapati, Baba akinunua mukeke wa kuchoma na kugombana na mwuzaji juu ya bei mpaka samaki akapoa. Hayo yote yakakoma. Ikasemwa upepo wa ziwa ni mbaya, jua ni kali, kelele ni nyingi. Shangazi yangu akakataza hata nisichekeshwe. Wadogo zangu nao wakafungiwa nyumbani kwa ajili yangu, na dada yangu mdogo akawa ananitazama kama mtu aliyevunja sahani za nyumba nzima.

Na katika mwaka huo huo sindano yangu ilisahauliwa mara mbili.

Naomba msomaji alitazame vizuri jambo hilo. Watu wazima wanne walinilinda nisiguse maji ya Tanganyika, na hakuna hata mmoja aliyetazama kalenda. Mara ya pili homa ikarudi, nikalala hospitali siku kumi na tisa. Ndipo daktari alipomwambia Mama, kwa upole, ya kuwa mtoto huyu ana mambo mawili ya kuogopwa, koo na tarehe, na ziwa halimo.

Tangu hapo twaenda tena, ila kwa hesabu. Usiku wa kuamkia safari Mama huniuliza nimelalia mito mingapi. Nikisema miwili, kwa kuwa pumzi ilinibana, hatuendi, na hilo sibishani nalo. Kisha hutazamwa njia. Mwaka 2024, mafuta ya gari yalipokuwa adimu mjini, tulisimama katika mstari wa basi tangu asubuhi, mwisho tukaenda kwa miguu juani. Siku hiyo njia ilinichosha kuliko ziwa lote. Kando ya ziwa ni tambarare, kama mita 770 juu ya bahari, bali barabara ya Bugarama hupanda kupita mita 2,000. Kwa hiyo jamaa zetu wa milimani huja kwetu, nasi hatuwaendei. Wamelalamika kidogo.

Tulikwenda pia Mugere, kusini ya mji, kwenye lile jiwe la Livingstone na Stanley lenye tarehe ya 25 Novemba 1871. Nilipanda polepole, nikipumzika mara tatu. Baba alitusomesha hapo ya kuwa Livingstone alikuwa amedhoofu sana kwa maradhi Stanley alipomkuta Ujiji, na siku chache baadaye wote wawili walikuwa mtumbwini kuja kaskazini, kutazama kama mto Rusizi hutoka ziwani au huingia. Wakaona huingia. Mama akajibu ya kuwa huyo Livingstone hakuwa na mama yake pale Ujiji.

Sisemi kila moyo uende pwani. Kuna aliyevimba miguu, kuna aliyefanyiwa upasuaji na kunywa dawa za kulainisha damu, ambaye kujikwaa tu ni hatari. Hao daktari wao ndiye ajuaye. Hata mimi kandanda nimekatazwa, na hilo linaniuma mpaka leo; katika mechi za darasa mimi ndiye mwandika magoli. Nabishana na ile hofu inayofunga mlango wa nyumba tu, kisha ikadhani imemaliza kazi yake.

Kalenda ya sindano sasa imetundikwa juu ya kikapu cha chapati, na kikapu hakitoki mpaka Mama ameweka kidole juu ya tarehe. Mwezi ujao ni zamu ya dada yangu kuchagua mahali. Amechagua Rusizi, apate kuona viboko, na Mama amekwisha kuanza kuwaogopa viboko.