Kudai kumbukumbu isahihishwe si majivuno

Jumapili ya leo nakuomba tufungue Kitabu cha Esta, sura ya sita. Usiku ule mfalme Ahasuero alikosa usingizi. Akaagiza aletewe kitabu cha kumbukumbu za ufalme, kikasomwa mbele yake. Msomaji akafika mahali palipoandikwa habari za Mordekai, Myahudi aliyeketi langoni pa mfalme, jinsi alivyofichua njama ya maofisa wawili waliotaka kumuua mfalme. Ahasuero akauliza: mtu huyu alipewa heshima gani kwa jambo hili? Watumishi wakajibu kwamba hakufanyiwa lolote.

Tutulie hapo kidogo. Tukio lilikuwa limeandikwa. Jina lilikuwepo, na wale wahaini walikwisha kuadhibiwa. Kilichokosekana ni mstari mmoja tu, mstari wa tuzo. Rudi nyuma uone kilichotokea mstari huo ulipokosekana. Sura ya pili inamalizika na wema wa Mordekai kuingizwa kitabuni. Sura ya tatu inaanza na mtu kupandishwa cheo, na mtu huyo si Mordekai, ni Hamani. Usiku ule mfalme alipokuwa akisomewa kitabu, Hamani alikwisha kusimamisha mti wa kumtundika Mordekai. Pengo dogo kwenye daftari karibu ligharimu uhai wa mtu na taifa lake.

Nimelikumbuka somo hili kwa sababu ya askari mmoja Mmarekani mweusi, Edward Carter, mtoto wa wamisionari. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1916, akakulia India na China ambako wazazi wake walihubiri Injili. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alikuwa jeshini na cheo cha stafu sajenti, lakini askari weusi wengi walipewa kazi za kupakia mizigo na kuendesha malori. Jeshi lilipoomba watu wa kwenda mstari wa mbele, weusi waliojitolea walitakiwa kuacha vyeo vyao. Carter akakubali kushushwa hadi askari wa kawaida ili akapigane.

Tarehe 23 Machi 1945, karibu na mji wa Speyer, Ujerumani, aliongoza askari watatu kuvuka uwanja wa wazi chini ya risasi. Wawili waliuawa, wa tatu akajeruhiwa. Carter akasonga peke yake, akapigwa risasi mara tano. Wajerumani wanane walipokuja kumkamata, aliwaua sita na kuwateka wawili, akarudi nao wakiwa na habari zilizowasaidia wenzake. Alipewa nishani ya pili kwa ukubwa. Ile ya kwanza, Nishani ya Heshima, haikutolewa kwa mtu mweusi hata mmoja katika vita hiyo, ingawa walioitumikia Marekani walikuwa zaidi ya milioni moja.

Likaja pigo lingine. Mwaka 1949 Carter alitaka kuongeza mkataba wake, akakataliwa. Hakupewa sababu. Jalada lake lilikuwa limebeba tuhuma kwamba ana mwelekeo wa kikomunisti, naye hakuruhusiwa kuziona wala kujitetea. Shujaa yule akaishia kufanya kazi ya kutengeneza matairi. Alifariki mwaka 1963, na doa lile likabaki kwenye karatasi.

Mwaka 1993 jeshi la Marekani liliagiza uchunguzi kuhusu nishani za askari weusi. Watu saba wakaonekana wamestahili Nishani ya Heshima. Kwa kuwa muda wa kisheria wa kuitoa ulikwisha kupita, Bunge likapitisha sheria mwaka 1996 kuufungua mlango huo. Tarehe 13 Januari 1997 Rais Bill Clinton akazitoa. Kati ya wale saba, aliyekuwa hai ni mmoja tu, Vernon Baker, mzee wa miaka 77. Carter alikuwa miongoni mwa sita waliopewa wakiwa makaburini.

Wengi wangesema basi, yamekwisha, mshukuruni Mungu. Lakini mke wa mwanawe, Allene Carter, hakusema hivyo. Aliona kwamba nishani imekuja huku jalada bado linamchafua baba mkwe. Akaanza kuomba nyaraka, kusoma, kuuliza, kuandika barua. Mwaka 1999 jeshi likaiomba familia radhi na kuikabidhi kumbukumbu zilizosahihishwa, pamoja na nishani nyingine ambazo Carter hakuwahi kupewa. Mojawapo ni ile inayotolewa kwa askari mwenye mwenendo mwema. Mtu aliyefukuzwa kwa kushukiwa mwenendo wake alithibitishwa mwema miaka 36 baada ya kufa.

Najua kuna msomaji anayejiuliza: je, hii si fahari ya dunia? Bwana wetu hakufundisha, katika Mathayo sura ya sita, kwamba unapotenda wema mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume? Mkristo si anangoja thawabu yake mbinguni? Kwa nini asumbuke na vipande vya shaba na utepe?

Swali hilo ni la haki, na nimelisikia makanisani kwetu zaidi ya mara moja. Mstaafu anafuatilia haki yake, ndugu wanamwambia, "Achana nayo mzee, Mungu anajua." Ni kweli Mungu anajua. Lakini mara nyingi maneno hayo huwa njia ya sisi kukwepa kutembea naye hadi ofisini.

Tumwangalie Paulo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 16, yeye na Sila walipigwa viboko hadharani mjini Filipi na kufungwa bila kuhukumiwa, ilhali walikuwa raia wa Rumi. Kesho yake wakuu wa mji wakatuma watu wawaachilie kimyakimya. Paulo akakataa. Alitaka wakuu wenyewe waje kuwatoa, kwa kuwa waliwaaibisha mbele ya watu wote. Paulo huyu ndiye aliyeandika kwamba mambo yote aliyoyahesabu kuwa faida kwake aliyaona kuwa hasara kwa ajili ya Kristo. Hakuwa mtu wa makuu. Lakini alijua kwamba akiondoka kwa mlango wa nyuma, mji utabaki ukiamini kwamba wahubiri wa Injili ni wahalifu, na kanisa changa nyumbani kwa Lidia litabaki na aibu hiyo. Alidai ukweli usemwe pale pale uongo uliposemwa.

Unyenyekevu ni mimi kutojitafutia sifa. Haki ni wewe kunipa kilicho changu. Ukichukua unyenyekevu wangu ukaufanya kisingizio cha kuninyima haki, hapo hakuna utakatifu wowote. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Tena iko amri ya tisa, inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Jalada la mtu ni shahidi. Siku mwenyewe asipokuwepo, jalada ndilo linalosema badala yake, kwa waajiri, kwa mahakama, kwa wajukuu. Likitamka tuhuma isiyo ya kweli, limeshuhudia uongo. Likinyamazia jema alilolitenda, nalo limempunja. Kusahihisha jalada ni kumrudisha shahidi kwenye kweli.

Marekani kazi hiyo ina utaratibu. Tangu sheria ya mwaka 1946, majeshi yake yana bodi za raia zenye mamlaka ya kurekebisha kumbukumbu za askari wa sasa na wa zamani. Ombi hutakiwa ndani ya miaka mitatu tangu kosa lijulikane, lakini bodi inaweza kusamehe kuchelewa pale haki inapodai. Aliyefariki anaweza kuombewa na familia yake. Hata hivyo bodi huanza kwa kuamini kwamba daftari liko sawa. Mzigo wa kuthibitisha kosa ni wa mlalamikaji.

Na mzigo huo ni mzito. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka katika jengo la kumbukumbu za askari huko St. Louis, jimbo la Missouri. Majalada kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea. Takriban asilimia 80 ya kumbukumbu za askari wa nchi kavu walioacha jeshi kati ya mwaka 1912 na 1960 zilipotea, na nakala hazikuwepo. Hebu fikiri: mzee amepigana, nishani yake haikuandikwa kwenye cheti cha kuachia jeshi, anakwenda kudai, anaambiwa jalada limeungua. Anabaki na nini? Anabaki na karatasi zilizo sandukuni mwake, orodha za malipo, taarifa za hospitali, barua alizomwandikia mkewe. Na anabaki na watu. Maelezo ya maandishi ya mwenzake aliyekuwa naye siku ile yanaweza kupokelewa kama ushahidi. Lakini mashahidi hao nao wanazeeka, na kila mazishi yanaondoka na ukurasa.

Msomaji wangu, usiseme hayo ni ya Marekani. Ukipita katikati ya Dar es Salaam utaiona Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake yanaahidi kwamba wana watayakumbuka majina ya waliokufa. Tafuta jina hata moja pale, hulikuti. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, na pengine kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika, wakiwemo wa Afrika Mashariki. Kwa wengi wa hao hakuna hata jalada la kusahihisha. Mali bila daftari huisha bila habari. Na watu vilevile.

Kwa waliotangulia hivyo, tunaweza kufanya machache. Kwa walio hai tunaweza kufanya mengi. Huenda katika jumuiya yako yupo mzee aliyekwenda Kagera mwaka 1978 akiwa kijana, na leo anaketi benchi la nyuma kanisani na fimbo yake. Umewahi kumuuliza alikuwa kikosi gani? Je, vyeti vyake vina jina lile lile lililo kwenye kitambulisho chake? Kama kuna kitu alichostahili hakikuandikwa, nani aliyekuwa naye bado yu hai?

Nakuomba ufanye mambo matatu wiki hii. Kwanza, keti naye, uandike anayokumbuka: kikosi, mahali, mwezi, wakubwa wake, wenzake. Pili, msaidie kutunza karatasi zake, uzitolee nakala, uziweke mahali pasipo na mchwa wala maji. Tatu, kama lipo la kufuatilia, mwandikie barua na uende naye. Mzee akiwa na kijana mwenye kusoma vizuri pembeni yake, ni vigumu kuzungushwa njoo kesho.

Nawe ndugu uliye masjala, unayesoma safu hii ukijiandaa kwenda ibadani: kazi yako ni huduma. Kosa la herufi moja unaloliacha leo ni safari kumi za mjane kesho.

Neno la tahadhari pia. Kalamu inayoongeza kisichokuwepo inatenda dhambi ile ile ya kalamu iliyoficha kilichokuwepo. Usimwandikie baba yako nishani ambayo hakuipata. Esta alipopeleka habari za ile njama kwa mfalme, alizipeleka kwa jina la Mordekai. Angeweza kujitwalia sifa, hakufanya hivyo. Kwa sababu ya uaminifu wake siku ile, miaka kadhaa baadaye kulikuwa na kitu cha kusomwa usiku ule.

Na kama umekwisha kupiga hodi kila mlango bila kufunguliwa, usikate tamaa. Soma orodha ya mashujaa wa Daudi katika 2 Samweli sura ya 23. Jina la mwisho kabisa ni Uria Mhiti, yule askari mwaminifu ambaye Daudi mwenyewe alipanga auawe ili kuficha dhambi yake. Mfalme alitaka jambo hilo lizikwe pamoja naye. Lakini Roho wa Mungu hakuruhusu jina lile lifutwe. Limo katika orodha ya mashujaa, na Mathayo akalitaja tena katika ukoo wa Yesu Kristo. Waebrania 6:10 inatuhakikishia kwamba Mungu si dhalimu hata aisahau kazi yetu.

Daftari lake halina pengo. Ndiyo maana sisi tunaomwita Baba hatuwezi kuridhika na madaftari ya uongo huku duniani.

Tuombe: Ee Bwana, uwakoseshe usingizi wenye vitabu mikononi mwao, hata wakumbuke waliosahauliwa. Utupe sisi miguu ya kutembea nao. Amina.

Jumapili njema.