Printa yapotea na iko mezani!

Leo nina kisa cha nyumbani kwetu Mwananyamala, na msicheke sana, maana nyumba yoyote yenye waifai inaweza kukumbwa.

Basi bwana, kaka yangu mkubwa kamfungulia mkewe steshenari kwenye fremu ya mbele ya nyumba. Kompyuta moja, printa moja ya waifai, maisha yanasonga. Ijumaa moja akaingia mwanafunzi wa chuo na flashi mkononi. Ripoti ya fildi, kurasa 60, nakala tatu, na mwisho wa kukabidhi ni saa kumi jioni. Kwa shilingi 100 ukurasa, hiyo ni 18,000 kutoka kwa mteja mmoja. Shemeji akamvutia kiti.

Saa sita umeme ukakatika. Uliporudi saa nane, shemeji hakuwasha printa papo hapo, alisubiri kwanza umeme utulie. Mwanamke makini. Kumbe huku sebuleni dogo, mdogo wetu wa mwisho, kaleta washikaji zake watano kutazama mpira, na wote wamejiunga na waifai. Shemeji akawasha printa, akabofya, kimya. Kompyuta inasema printa haipo. Printa yenyewe hiyo hapo, taa ya kijani inawaka, inamtazama!

Mwanafunzi akasubiri dakika arobaini, akachukua flashi yake akaondoka mbio. Nilipotoka kazini nilimkuta shemeji amenuna, hata chai hakuna.

"Shem, nyie mnaojifanya wataalamu, hiki kidude chenu kimenikosesha hela."

Nikanywea. Nikaingia kwenye ruta kutazama kilichotokea, na mchezo ulikuwa huu. Kila kitu kinachojiunga na waifai kinapewa namba na ruta. Printa ilikuwa 192.168.1.102, na ndiyo namba ambayo kompyuta iliifahamu. Umeme ulipokatika, ruta yetu ya bei poa ikasahau ilimpa nani nini. Ilipoamka, simu ya mmoja wa washikaji ikawahi 102. Printa ilipokuja kudai namba yake ikaambiwa imeshachukuliwa, ikapewa 107. Kurasa za watu zikawa zinapelekwa kwenye simu ya kijana anayeshangilia goli!

Dawa yake ina hatua mbili, na wengi wanafanya moja tu halafu wanalalamika. Ya kwanza ni kuiwekea printa namba yake ya kudumu ndani ya ruta, kwa kutumia anwani ya MAC iliyoandikwa kwenye stika ya printa. Ya pili ni kuipa namba hiyo jina, ili kompyuta itafute jina badala ya namba. Siku ukibadilisha namba, unarekebisha sehemu moja tu, kwenye ruta.

Jambo hili si geni. Enzi za ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, majina yote ya kompyuta yaliandikwa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa California na kikosi cha mama mmoja aitwaye Elizabeth Feinler. Ukiongeza kompyuta unawataarifu, wanaandika, wengine wanachukua nakala. Mtandao ukakua, faili likazidiwa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akatoa mpango wa DNS, yaani kazi ya majina ikagawanywa kwa mashine nyingi duniani badala ya faili moja. Unapoandika jina la printa kwenye ruta yako unarudia kazi ile ile ya mama Feinler, ila wewe mtandao wako una vyumba vinne na uwani.

Tatizo, boksi tulilofungiwa na kampuni ya intaneti halina ukurasa wa kuandika majina. Yako mengi ya namna hiyo, kwa hiyo chungulia lako kabla hujaanza kujigamba mbele ya shemeji. Mimi nilikuwa na ruta ndogo yenye programu ya OpenWrt. Jumapili nikaichomeka nyuma ya boksi na kuhamishia vitu vyote kwenye waifai yake. Nikaipa 192.168.5.1, kwa sababu boksi limeshakalia 192.168.1.1, na wawili wakigombea mtaa mmoja wa namba ni vurugu. Nikaingia ukurasa wa DHCP na DNS. Printa nikaifunga kwenye 192.168.5.50. Kisha sehemu ya majina nikaandika printa.home.arpa na namba hiyo hiyo. Nikahifadhi. Kazi ya dakika kumi.

Mbona jina refu hivyo? Dogo alitaka tuiite kwa jina linaloishia na .co.tz, eti lina hadhi. Nikamkatalia. Siku mtu akisajili jina hilo kihalali, sisi humu ndani hatutamwona kamwe, tutakuwa tunaiona printa yetu. Ile .local nayo tangu 2013 ina kazi yake maalumu, vifaa huitumia kutafutana vyenyewe bila kuuliza ruta. Mwaka 2018 home.arpa ikatengwa rasmi kwa ajili ya majumbani, na 2024 .internal ikatengwa kwa mitandao ya ndani. Chagua mojawapo ulale usingizi.

Kwenye kompyuta ya shemeji nikafungua lile dirisha jeusi, nikaandika nslookup printa.home.arpa, ikajibu 192.168.5.50. Raha! Nikaisajili upya printa kwa jina badala ya namba. Ikachapa.

Simu ya dogo ikagoma. Jina halionekani kabisa. Akaanza maneno: "Bro, umechemsha." Nikaichukua simu, nikakuta kwenye seti ya DNS ya faragha kaweka seva ya nje, ile ya kuzuia matangazo. Sasa seva iliyoko ng'ambo itaijuaje printa ya Mwananyamala? Ukiweka 8.8.8.8 kwenye kompyuta yako yatakukuta hayo hayo. Jina la nyumbani linajulikana na ruta ya nyumbani peke yake, na usipoiuliza yenyewe hupati jibu. Nikaizima seti ile, na simu ikaona.

Nikambadilishia shemeji na neno la siri la kuingilia kwenye ruta. Lilikuwa admin, kama ilivyotoka dukani. Mwenye ruta ndiye mwenye daftari, na akitaka anaweza kuandika kwamba jina la benki yako liko kwenye namba ya kwake. Novemba 2011 watu sita walikamatwa Estonia kwa mchezo wa aina hiyo. Kirusi chao, DNSChanger, kilikuwa kimeelekeza kompyuta kama milioni 4, katika nchi zaidi ya 100, kwenda kuuliza majina kwenye seva zao wenyewe. Washikaji wa dogo ni vijana wema, lakini neno la siri hawatapewa.

Jumatano umeme ukakatika tena. Ulipowaka nilijisogeza dirishani kwa steshenari, moyo unadunda kama nasubiri matokeo ya mtihani. Akaja mama mmoja, anataka barua ya kuombea kiwanja. Shemeji akabofya, karatasi ikatoka. Hakusema neno, ila jioni chai ilikuwepo, na chapati mbili.

Yule mwanafunzi hajarudi. Shemeji anasema akimwona atamtengenezea jalada bure.