Duka Jipya, Mteja wa Zamani

Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapana shaka usemi huo ni wa kweli, lakini biashara ya nguo mtandaoni imetuonyesha jambo la ziada: hata kizuri hakijiuzi ikiwa mnunuzi haoni njia ya kukifikia. Ushahidi wa hayo tunaupata Uingereza.

Mwaka 1884, Michael Marks alianza kuuza bidhaa ndogondogo katika soko la Kirkgate, mjini Leeds. Kibao chake mashuhuri kiliwaambia wapita njia wasijisumbue kuuliza bei, kwani kila kitu kilikuwa peni moja. Kwa maneno hayo machache alimwondolea mnunuzi uzito wa kwanza. Kibanda hicho ndicho asili ya kampuni ya Marks & Spencer, ambayo nguo zake zilikuja kusifika kwa ubora.

Februari 2014, miaka 130 baadaye, kampuni hiyo ilizindua duka jipya la mtandaoni. Tangu mwaka 2007 duka lake lilitumia mitambo ya Amazon. Sasa ilitaka kujitegemea. Kazi hiyo iligharimu pauni milioni 150. Picha zikawa kubwa, makala za mitindo zikaongezwa, na kurasa zikapendeza mithili ya jarida.

Ajabu ni kwamba katika robo mwaka iliyoishia Juni, mauzo ya mtandaoni yalishuka kwa asilimia 8.1. Wateja wa zamani walitakiwa kujiandikisha upya, kana kwamba hawajapata kununua hapo hata siku moja. Wengine walilalamika kwamba wanapotea ndani ya kurasa hizo mpya. Uongozi ulieleza kuwa tovuti ilihitaji miezi kadhaa kutulia. Mwaka uliofuata mauzo yalipanda kwa zaidi ya theluthi moja, ingawa yalilinganishwa na kipindi kile kile cha kushuka.

Sisi tunaona funzo kubwa hapa. Mwenye duka aghalabu huchoshwa na sura ya duka lake mapema kuliko mteja. Mama aliyezoea kununua nguo za wanawe mahali fulani hutaka kuingia, kuona, kulipa na kuondoka. Ukimhamishia kila kitu kwa usiku mmoja, umemfanya mgeni katika duka alilolikuza kwa fedha zake.

Aidha, mnunuzi wa mtandaoni hawezi kuipapasa nguo wala kuijaribu. Anayelipa bei ya juu ana haki ya kuelezwa zaidi: aina ya kitambaa, vipimo kwa sentimita, rangi ilivyo katika mwanga wa mchana, gharama ya kumfikishia, na utaratibu wa kurudisha isipomfaa. Mambo hayo humtuliza kuliko picha zinazochezacheza, ambazo kwenye simu ya bei nafuu huchelewa kufunguka na kumalizia kifurushi chake.

Tunayasema haya kwa sababu zipo familia miongoni mwetu zinazolipa ada za watoto kwa kuuza mabaibui na kanzu kupitia simu. Biashara inapokua, huja ushawishi wa kutumia akiba yote kutengeneza duka la fahari mtandaoni. Hatuwazuii kujiendeleza. Tunashauri mabadiliko yaende hatua kwa hatua, kumbukumbu za wateja zihamishwe salama, na njia ya zamani isifungwe mpaka ile mpya iwe imethibitika.

Na kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, mpeni simu mteja mmoja wa siku nyingi, ikiwezekana mtu mzima asiye mpenzi wa mitandao. Mwombeni anunue baibui moja pasipo kumwelekeza. Nyamazeni, mtazameni. Pale atakapokwama, hapo ndipo fundi anapopaswa kurudi.