Mwalimu na alama zake
Kila muhula walimu wa Kiserian, kama wenzao kote nchini Kenya, hurudi kwenye TPAD, tathmini ya utendakazi iliyoanzishwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) mwaka 2016. Mwalimu hujipa alama mwenyewe kwanza, kisha huketi na msimamizi wake, maazimio ya kazi, maandalio ya somo na rejesta vikiwa mezani. Chama cha walimu cha KNUT kiliipinga vikali, na nawaelewa: makaratasi hula muda wa mtoto. Hata hivyo, sikubali kwamba fomu hii ni ya mwajiri peke yake. Nafasi ya kujitathmini ni yako, mwalimu. Kabla hujaandika namba, jiulize ni mtoto yupi aliyeanza muhula akikwama kwenye sentensi moja na leo anasoma aya nzima. Ni nani aliyeacha kuja ukame ulipohamisha mifugo ya kwao, nawe ulimfuatilia hadi wapi. Yaandike hayo daftarini mwako, hata kama fomu haina pa kuyatia. Nawe msimamizi, mkiketi, muulize habari za watoto hao kabla ya kuitisha faili.