Posho Peke Yake Si Lishe

Amri ya kuwafungia watu majumbani wakati wa janga hutolewa kwa nia ya kuokoa maisha, lakini huingia hadi jikoni, na huko haifuatiliwi ipasavyo.

Tutazame kwa jirani zetu wa Uganda. Machi 2020 usafiri wa umma ulisimamishwa ili kuzuia UVIKO-19, na vibarua wa Kampala wakabaki bila kipato. Mwezi uliofuata serikali ilianza kugawa chakula Kampala na Wakiso: kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu. Wanaonyonyesha walitengewa pia maziwa ya unga na sukari.

Hatumlaumu aliyegawa. Tena mgao ule haukuwa wa kubezwa, kwani maharage huziba upungufu wa protini ya mahindi. Lakini unga mweupe uliokobolewa umekwisha kupoteza kiini na pumba, wala hauna vitamini A wala C. Maharage makavu nayo hutaka moto wa saa nyingi, na mkaa haukuwamo katika mgao. Asiye na fedha ya mkaa angeyapikaje? (Neno posho, ambalo watumishi wa serikali hapa kwetu hulipenda kwa sababu nyingine, kwa Waganda ndiyo ugali wenyewe.)

Mboga na matunda ndivyo vilivyo hatarini zaidi, maana huoza upesi na hutegemea gari, pikipiki na mchuuzi wa kila siku. Masoko ya chakula Uganda hayakufungwa. Wachuuzi walitakiwa kulala humo humo. Hata hivyo, mnunuzi wa mbali, asiye na basi wala kipato, soko hilo lilimfaa nini?

Walimu wanalijua jambo jingine. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wote hawakurejea hadi Januari 2022. Hapa kwetu zilifungwa Machi hadi Juni 2020. Kwa mtoto wa maskini, uji wa shuleni huenda ndio mlo wa uhakika kwa siku nzima. Je, ni ofisi ipi iliyokabidhiwa wajibu wa kumpatia uji huo nyumbani?

Mipango ya maafa ya wilaya haina budi kulijibu swali hilo kwa maandishi, pamoja na la mboga na la mkaa. Maafisa lishe wa halmashauri wapo. Waitwe siku amri inapoandikwa, si wiki ya tatu baada ya watu kufungiwa.